Mimea ya Ndani: Chumba Kipi, Mmea Upi, na Namna ya Kuutunza

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Nairobi na Arusha, wengi wao kwenye nyumba za kupanga. Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni uliandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, zenye hita na miezi mirefu ya baridi. Kwetu dirisha lina nondo na wavu wa mbu, maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, na jua la saa sita husimama karibu na utosi. Majibu yanaanzia hapo.

Nianze kwa kuchagua mmea au chumba?

Anza na chumba. Wengi hununua mmea kwa sababu umewapendeza kitaluni, na wakishafika nyumbani ndipo wanapotafuta pa kuuweka. Mmea uliowekwa pasipo mwanga wa kutosha hula akiba yake kwa wiki au miezi kadhaa, kisha hudhoofika. Mwenye nyumba hudhani una kiu, huongeza maji, na mizizi huoza. Nikiitwa kuona mmea uliokufa, mara nyingi hiyo ndiyo historia yake.

Kipimo cha mwanga hakihitaji kifaa chochote. Saa sita mchana, siku yenye jua, weka karatasi nyeupe pale unapotaka mmea ukae, kisha nyoosha mkono juu yake kwa kimo cha kama sentimita 30. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo kali, hapo pana mwanga mwingi. Kikionekana lakini kingo zimefifia, mwanga ni wa kati. Kisipoonekana kabisa, hapo ni giza kwa mmea, hata kama wewe unasoma gazeti bila shida. Macho yetu huzoea upesi mwanga hafifu, ndiyo maana hayafai kuwa kipimo. Rudi nyuma mita moja kutoka dirishani, pima tena, na utaona jinsi kivuli kinavyopotea haraka.

Angalia pia dirisha lenyewe. Kioo cheusi, pazia zito, paa lililochomoza sana na wavu uliojaa vumbi, kila kimoja hupunguza kitu. Kuosha wavu ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi huusaidia mmea kuliko mbolea.

Nimesoma kwamba dirisha linalotazama kusini ndilo bora kwa mimea. Ni kweli?

Ni kweli kwa mtu anayeishi London, kwa sababu kwao jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Nairobi, iliyo jirani zaidi na ikweta, huugawa mwaka karibu nusu kwa nusu.

Kwetu, madirisha yanayotofautiana sana ni ya mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, ambalo ni la upole, na karibu kila mmea wa ndani hulipenda. La magharibi hupata jua la alasiri. Kati ya Desemba na Machi, jua hilo likipita kwenye kioo huunguza majani ya mimea laini na kuacha mabaka ya kahawia yasiyofutika. Weka hapo aloe, kaktasi, adenium (ile ya shina nene na maua mekundu au ya waridi) au sansevieria (ile yenye majani marefu yaliyosimama wima), au vuta pazia jepesi. Madirisha ya kaskazini na kusini, yakiwa na paa lililochomoza, hutoa mwanga wa kutosha bila jua la moja kwa moja, na huo ndio unaofaa manipulanti (ule mmea utambaao wenye majani ya umbo la moyo), drasena na jamii ya majimbi.

Sebuleni niweke nini?

Sebule ndiyo yenye nafasi, na ndipo wageni wanapoketi, kwa hiyo hapa mmea mrefu unafaa. Chaguo langu la kwanza ni drasena yenye majani mapana kama ya mhindi, mara nyingi yenye mstari wa njano katikati. Huuzwa duniani kote kama mmea wa ofisini na sebuleni, lakini asili yake ni misitu ya Afrika ya tropiki. Wachaga wanaufahamu mmea huu na ndugu zake kwa jina la masale: huupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na jani lake hupelekwa kwa mtu anayeombwa msamaha. Mtu wa Kilimanjaro anayeishi ghorofani Kariakoo anaweza kuwa nao sebuleni, na ukavumilia mwanga wa kati pamoja na kusahauliwa wiki moja bila maji.

Kama dirisha ni kubwa, jaribu mpira wa mapambo, ule wenye majani mazito yanayong'aa. Futa majani yake kwa kitambaa kibichi kila baada ya wiki mbili, maana vumbi la mjini huziba mwanga. Usipake mafuta ya kupikia wala maziwa ili yang'ae. Yanakamata vumbi zaidi na kuziba matundu ambayo jani hupumulia.

Mtende mdogo wa mapambo uitwao areka, ambao asili yake ni Madagaska, ni mzuri, lakini nauonea huruma unapowekwa kwenye kona ya giza nyuma ya kochi. Unahitaji mwanga mwingi na hewa yenye unyevu. Pwani, karibu na dirisha, unastawi. Nairobi kwenye chumba kikavu ncha zake hukauka.

Manipulanti inafaa juu ya kabati au rafu, ikining'inia. Ukitaka majani makubwa, ipandishe kwenye gogo au mti uliozungushiwa makumbi ya nazi. Ikining'inia majani hubaki madogo, ikipanda juu huongezeka ukubwa.

Ni hatari kulala na mimea chumbani? Mama mkwe anasema inanyonya hewa usiku.

Mpe mama jibu kwa heshima, kwa sababu msingi wa hoja yake upo: usiku mimea hupumua kama sisi, hutumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Lakini kiasi chenyewe ni kidogo mno. Mtu mmoja anayelala kitandani mwako hutumia oksijeni nyingi kuliko vyungu vyote utakavyoweza kuvipanga humo chumbani. Kinachostahili kuogopwa chumbani ni jiko la mkaa lililoachwa likiwaka milango ikiwa imefungwa. Hilo linaua.

Chumba cha kulala mara nyingi hufungwa pazia kutwa nzima, kwa hiyo chagua mmea unaovumilia: sansevieria au zamiokulkasi, ambayo wauzaji huiita ZZ. Epuka maua yenye harufu kali kama chumbani analala mtu mwenye pumu. Asumini ni nzuri, lakini iache ibarazani.

Je, mimea husafisha hewa ya ndani?

Wauzaji wanapenda kusema hivyo, na chanzo chake ni utafiti wa NASA wa mwaka 1989. Utafiti ulikuwa wa kweli, ila ulifanyika kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa, si kwenye nyumba yenye madirisha na watu wanaoingia na kutoka. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walikusanya tafiti za aina hiyo na kupiga hesabu upya: ili mimea iondoe kemikali za hewani kwa kasi sawa na hewa ya kawaida inayopita ndani ya jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Fungua dirisha. Mmea uweke kwa sababu unakupa furaha kuutazama na kuutunza, na hiyo inatosha.

Jikoni?

Jikoni weka vinavyoliwa. Mrehani na mnanaa hupatikana sokoni. Chukua vikonyo vya mnanaa, viweke kwenye glasi ya maji, na baada ya wiki moja au mbili vitaota mizizi. Mrehani unahitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa nne hadi sita kila siku, kwa hiyo uwe kwenye kizingiti cha dirisha, na ukate vichwa vyake kabla havijatoa maua ili uendelee kuchipua. Mnanaa huridhika na jua pungufu kuliko mrehani, mradi udongo usikauke. Kitunguu cha majani hakina shida. Mchaichai usijaribu ndani, ni mkubwa na unataka uwanja. Uweke nje ya mlango wa uani.

Weka vyungu mbali na jiko, angalau urefu wa mkono. Mvuke na mafuta ya kukaangia hutanda juu ya majani.

Bafuni?

Kama kuna dirisha, hata dogo, jimbi la mapambo na manipulanti hupenda ule unyevu. Kama hakuna dirisha, acha.

Korido yangu haina dirisha kabisa. Hakuna mmea unaoishi gizani?

Hakuna. Zamiokulkasi na sansevieria huchelewa kufa tu. Zina akiba: zamiokulkasi ina viazi vya maji chini ya udongo, kwa sababu porini kwao, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, hupitia miezi ya ukame. Ninachoshauri ni kuwa na vyungu viwili vya mmea mmoja. Kimoja kikae koridoni wiki mbili, kingine dirishani, kisha vibadilishane. Njia nyingine ni taa nyeupe ya LED iliyo karibu na majani, iwake kama saa 12 kwa siku, kama bili ya umeme inakuruhusu.

Ofisi yetu ina kiyoyozi kutwa nzima.

Usiweke mmea pale upepo wake unapopiga. Hewa hiyo ni baridi na kavu, na majani laini hukunjamana kingo. Drasena, sansevieria na zamiokulkasi huvumilia. Ule mpira mdogo unaotoa maji ya kiyoyozi nje ya ukuta, kinga ndoo. Maji hayo karibu hayana chumvi na yanafaa kwa mimea ya mapambo. Usimwagilie vya kula, wala usinywe.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Swali hili ndilo linaloua mimea mingi, kwa sababu linatafuta ratiba. Mmea uleule, kwenye chungu kilekile, utahitaji maji mara mbili kwa wiki Februari na mara moja kwa siku kumi Mei, mvua za masika zinaponyesha na hewa imejaa unyevu. Chungu cha udongo wa mfinyanzi hukauka haraka kuliko cha plastiki. Mmea wa dirishani hunywa zaidi kuliko wa ndani kabisa.

Tumia kidole. Kichomeke kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kwa manipulanti, drasena na mpira, subiri hadi sehemu hiyo ya juu iwe imekauka. Kwa jimbi, usisubiri ikauke. Kwa sansevieria, zamiokulkasi na aloe, subiri hadi chungu chote kiwe kikavu, na unaponyanyua uhisi kimekuwa chepesi, hapo mwagilia. Ukimwagilia, mwaga hadi maji yatoke chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kikombe kidogo kila asubuhi hulowesha juu tu na kuacha mizizi ya chini ikiwa na kiu.

Majani ya chini yakiwa ya njano na laini huku udongo umelowa, maji yamezidi. Majani yakilegea na udongo umejitenga na ukingo wa chungu, maji yamepungua. Ya pili hupona kwa siku moja. Ya kwanza mara nyingi haiponi, kwa hiyo ukiwa na shaka, acha.

Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Nifanye nini?

Hili ni tatizo kubwa pwani, na nalisikia sana. Dalili zake ni ukoko mweupe juu ya udongo na pembeni mwa chungu, na ncha za majani zinazogeuka kahawia. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi. Maji hupungua na chumvi hubaki, kwa hiyo huzidi kukolea. Kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli, uyahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko. Kama huna, tumia ya kisima lakini mara moja kwa mwezi mwagia mmea maji mengi ya mvua au ya bomba hadi yapite chini kwa muda, yasombe chumvi iliyojikusanya. Kwangua ule ukoko wa juu na uweke udongo mpya.

Udongo gani, na chungu gani?

Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu mbili za udongo wa bustani, sehemu moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa au mboji. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie. Kwa aloe na sansevieria ongeza mchanga. Makumbi ya nazi yaliyosagwa ni mazuri mno kwa kushika unyevu, mradi uyaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kwanza.

Chungu lazima kiwe na tundu chini. Watu huweka kokoto chini ya chungu kisicho na tundu wakiamini maji yatashuka huko. Hayashuki ipasavyo: udongo ulio juu ya kokoto hubaki umelowa, na umeipunguzia mizizi nafasi. Toboa ndoo au kopo kwa msumari uliopashwa moto, na utapata chungu kizuri kwa bei ya msumari.

Vyungu vinaleta mbu?

Udongo wenyewe hauleti, lakini maji yaliyotuama kwenye kisahani au kwenye chupa ya maji unamootesha manipulanti huleta. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hupenda vyombo vidogo kama hivyo vilivyo karibu na watu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, kwa hiyo hili si jambo la kupuuza. Kutoka yai hadi mbu anayeruka inaweza kuchukua kama wiki moja tu wakati wa joto.

Mwaga maji ya visahani siku ileile. Badilisha maji ya chupa kila wiki, na usugue ndani kwa brashi, kwa sababu mayai hugandamana ukutani na huweza kuishi miezi kadhaa yakiwa makavu. Kama kisahani hakifikiki kwa urahisi, kijaze mchanga.

Nina mtoto anayetambaa, na paka. Mimea gani niepuke?

Difenbakia kwanza, ile yenye majani makubwa yenye madoa meupe. Utomvu wake una vijiwe vyenye ncha kali visivyoonekana kwa macho, na akitafuna jani mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. Manipulanti na zamiokulkasi zina vijiwe hivyohivyo, kwa hiyo zipande juu asikofikia. Mnyaa na jamii yake ya utomvu mweupe usiingie ndani kabisa, utomvu ukiingia jichoni huumiza vibaya. Adenium, yenye shina nene na maua mekundu au ya waridi, ina sumu ya moyo. Utomvu wake umetumika kupaka mishale ya kuwindia. Akitafuna chochote kati ya hivi, suuza mdomo, mpeleke kituo cha afya, na beba jani uwaonyeshe.

Zisizo na shida hiyo ni klorofitamu, ile ya majani membamba yenye mistari inayotoa vitoto vinavyoning'inia, na saintpaulia.

Saintpaulia ndiyo ipi, na kwa nini yangu imekufa Dar?

Ni ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, na ni la kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alikusanya mimea hiyo na kuipeleka Ujerumani; mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina la familia ya ofisa huyo. Leo iko madirishani mwa mamilioni ya nyumba za Ulaya, Marekani na Japani, wakati huku kwetu wengi hawajui kwamba kwao ni miamba yenye kivuli ya Usambara, na ndugu zake wengine wako Taita na Kilifi. Natamani kila nyumba ya Lushoto iwe na chungu kimoja.

Nyingi kati yake hupenda joto la nyuzi 18 hadi 24. Ndiyo maana inastawi Lushoto, Arusha na Nairobi, na Dar inahangaika kuanzia Desemba, isipokuwa kwenye chumba chenye ubaridi na mwanga wa mashariki. Mwagilia kwa kuweka maji kwenye kisahani kwa nusu saa, kisha yamwage. Maji baridi yakidondokea majani huacha mabaka. Nunua iliyooteshwa kitaluni. Tafadhali usiing'oe msituni. Baadhi ya aina zake zinaishi kwenye eneo dogo sana na ziko hatarini kutoweka.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo.

Ni vidung'ata. Tenga mmea huo na mingine leo hii. Vifute kwa pamba iliyochovywa spiriti, kisha nyunyiza maji yenye sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, chini na juu ya majani, jioni. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba kwa mwezi mzima, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa moja. Mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji hayo ya sabuni husaidia sana, na hufaa pia kwa utitiri na vidukari.

Naenda kijijini mwezi mzima. Nani atamwagilia?

Kama una sansevieria na zamiokulkasi tu, mwagilia siku ya kuondoka na ufunge mlango. Kwa mingine, sogeza vyungu mbali kidogo na dirisha, vikusanye pamoja, na uviloweshe vizuri. Jimbi na mnanaa mpe jirani. Ukimwachia mtu ufunguo, mwonyeshe kipimo cha kidole, na umwambie asimwagilie sansevieria hata akiionea huruma.

Nimerudi na mmea umepukutika wote. Niutupe?

Bado. Kwangua gamba la shina kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, upo hai: kata sehemu zilizokauka, weka penye mwanga wa kati, mwagilia kidogo na usitie mbolea mpaka uone majani mapya. Zamiokulkasi iliyopukutika majani yote mara nyingi huchipua tena kutoka kwenye viazi vyake, kwa hiyo chimbua kidogo uviguse. Vikiwa vigumu, fukia na usubiri hata miezi miwili. Vikiwa laini na vyenye harufu mbaya, mwaga udongo huo, sugua chungu kwa maji ya moto na sabuni, na chungu hicho kitakufaa kwa mmea mwingine.